Maumivu ya Viungo kwa Wanamichezo: Pima Asubuhi, Fanya Mazoezi Jioni

Mchezaji akiumia goti hapa visiwani hupewa ushauri mmoja kati ya miwili: apumzike mpaka lipone, au apelekwe kuchuliwa ili Ijumaa acheze. Ushauri wote huo unakosea mahali pamoja. Gegedu (kitu laini kinachofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo), ligamenti (ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa) na kano (kamba inayofunga msuli kwenye mfupa) hazipati damu nyingi kama msuli, kwa hiyo hujijenga taratibu, na kinachozijenga ni mzigo. Zikiachwa bila mzigo hulegea. Zikibebeshwa kupita kiasi huuma na kuvimba. Kazi ya fiziotherapia kwa mwanamichezo ni kukisia mzigo ulio baina ya hayo mawili, kisha kuupandisha wiki hadi wiki.

Vifaa havikupi tabu. Baraza ya nyumba, ngazi moja, tyubu kuukuu ya baiskeli, dumu la maji na simu yenye kamera vinatosha kwa takriban yote yaliyomo humu.

Kwanza hakikisha si la hospitali

Kifundo kikiteguka, muulize aliyeumia kama anaweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa kila jicho la mguu, la ndani na la nje, kuanzia ncha ya chini na kupanda sentimita 6. Bonyeza pia mfupa uliojitokeza ubavuni mwa unyayo, nyuma ya kidole kidogo, na ule ulio upande wa ndani juu ya upinde wa unyayo. Akishindwa hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma ukiubonyeza, apigwe eksirei kabla ya lolote jengine. Asipokuwa na dalili hizo, kuvunjika ni nadra sana.

Kwa goti, eksirei inahitajika mtu asipoweza kulikunja kufikia nyuzi 90, asipoweza hatua nne, maumivu yakiwa juu ya mfupa wa pia ya goti peke yake, au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba ubavuni chini ya goti. Mwenye miaka 55 na kuendelea apigwe picha hata kama dalili nyengine hazipo.

Kuna mengine ambayo eksirei haiyaonyeshi. Goti lililotoa mlio wa "pa" na kuvimba ndani ya saa mbili mara nyingi limejaa damu, na ligamenti ya ndani kabisa (ile ya msalaba ya mbele, ACL) huenda imekatika. Goti lililokwama, halinyooki wala halikunjiki, huenda kipande cha gegedu kimeingia njiani. Kiungo chenye moto, chekundu, na mtu ana homa, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache tu. Mwenye siko seli anayeshikwa ghafla na maumivu ya mifupa au viungo asitibiwe kwa mazoezi. Anywe maji na afike hospitali. Na mtoto wa skuli anayechechemea akisema goti linamuuma huku goti lenyewe halina kitu, apimwe nyonga. Maumivu ya nyonga za watoto hupenda kujitokeza gotini, na wengi huchuliwa goti miezi mizima bure.

Mnazi Mmoja Unguja, na hospitali za Chake Chake na Abdalla Mzee kwa walio Pemba, ndiko pa kuanzia kwa hayo.

Kipimo cha asubuhi

Yote yanayofuata yanategemea kipimo hiki, kwa hiyo usikiruke. Chagua kitendo kimoja kinachokiamsha kidogo kiungo kinachouma, na kila siku fanya hicho hicho, saa ile ile. Baada ya sala ya alfajiri ni wakati mzuri: umeshatembea kidogo, lakini siku haijakuchosha. Kwa goti, shuka ngazi moja polepole kwa mguu mbovu mara 5. Kwa kano ya kisigino, panda juu ya vidole mara 10. Kwa bega, inua mkono ubavuni mpaka juu mara 5. Yape maumivu alama, 0 kwa kutouma kabisa, 10 kwa maumivu makubwa kuliko yote unayoyajua, na uziandike kwenye simu.

Wakati wa zoezi, maumivu ya mpaka 3 yanakubalika. Kano huvumilia zaidi, hata 5. Kinachoamua ni asubuhi ya pili yake. Alama ikiwa sawa na ya jana au imeshuka, mzigo ulikuwa sawa. Endelea, na baada ya wiki ongeza. Ikipanda kwa 2 au zaidi, umezidisha. Hapo usiache mazoezi. Kata seti (mafungu ya marudio) kwa nusu, kwa siku mbili, kisha rudi ulipokuwa.

Uvimbe una uzito kuliko alama. Chukua uzi usiovutika, uzungushe katikati ya pia ya goti mguu ukiwa umenyooka, tia fundo pale ncha zinapokutana. Uzi ule ule uuzungushe kila asubuhi. Fundo likibakia mbali na ncha kwa sentimita nzima, kuna maji mapya ndani ya goti, na siku hiyo hakuna kuruka wala kukimbia hata kama haliumi. Goti lenye maji huzima msuli wa mbele wa paja. Ubongo wenyewe unaukatia nguvu. Anayekimbia hivyo anakimbia bila breki.

Kifundo kilichoteguka

Siku tatu za mwanzo:

Barafu dakika 15, kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Barafu ya samaki iliyopondwa ni nzuri kuliko bonge, kwa sababu inafuata umbo la mguu. Itie ndani ya taulo lililoloweshwa maji. Barafu tupu juu ya ngozi huunguza kama moto. Barafu inatuliza maumivu, haiponyeshi ligamenti, basi usiikalie saa nzima.

Bendeji ya kuvuta ianzie kwenye vidole, ipande mpaka juu ya kifundo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fungua ufunge upya kwa kulegeza. Usiku ilegeze. Ukilala, mguu ukae juu ya mito miwili, uwe juu kuliko kifua.

Kila saa, kunja na kunjua kifundo mara 20. Tembea, ila usichechemee; ukiona unachechemea, shika mkongojo. Mkongojo mmoja hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, ukatangulia pamoja na mguu mbovu. Wengi huushika upande ulioumia, na uzito wote unarudi pale pale.

Katika siku hizo hakuna kuchua, hakuna maji ya moto, na hakuna fundi wa "kurudisha" kifundo kwa kukivuta. Vijishipa vya damu vilivyopasuka ndiyo kwanza vinaziba.

Kuanzia siku ya nne au ya tano, uvimbe ukishapungua:

1. Simama mbele ya ukuta, kidole gumba kikiwa mbali na ukuta kwa sentimita 5. Sukuma goti liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke. Mara 10, seti 3. Sogeza nyuma kidogo kidogo, ukipima kwa rula. Lengo ni sentimita 10, na mguu mbovu usipitwe na mzima kwa zaidi ya sentimita 2.
2. Fungia tyubu kwenye mguu wa meza, ivishe unyayo, sukuma unyayo kwenda nje, goti likiwa limetulia. Mara 15, seti 3. Misuli hii ya ubavu wa nje wa muundi ndiyo inayozuia mguu usipinduke.
3. Panda juu ya vidole kwa miguu yote miwili, mara 15, seti 3. Ikiwa rahisi, panda kwa miwili, shuka kwa mmoja. Mwisho, mmoja tu.

Kuanzia wiki ya pili ongeza mazoezi ya mizani (kusimama bila kuyumba), na hapa ndipo wachezaji wengi wanapotoroka, kwa sababu maumivu yameshaondoka. Ligamenti iliyotanuka ilikuwa pia ikiuarifu ubongo unyayo umekaaje. Habari hiyo ikichelewa, misuli nayo inachelewa, mguu unapinduka tena. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara 3. Ukiweza bila kutikisika, fumba macho. Kisha simama juu ya godoro lililokunjwa au mchanga mkavu, mwenzio akikurushia mpira kushoto na kulia. Dakika 5 kwa siku, wiki 8. Unaweza kuzimaliza ukipiga mswaki.

Ukirudi uwanjani funga kifundo kwa plasta au soksi ngumu ya kifundo, kwa mechi na mazoezi, mpaka mwaka utimie. Mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kubwa ya kuteguka tena.

Goti: barazani ndipo pa kuanzia

Maumivu ya mbele ya goti, kuizunguka pia, yanayozidi ukishuka ngazi, ukichuchumaa au ukikaa muda mrefu kwenye daladala, mara nyingi hayana kilichokatika. Pia ya goti inateleza juu ya paja. Paja likijipinda kwenda ndani kila hatua, pia inasukumwa pembeni na kusuguliwa. Paja linajipinda kwa kuwa misuli ya tako imelegea au imechoka. Ndiyo maana kulifunga goti peke yake hakusaidii muda mrefu.

Baraza nyingi zina kimo cha kiti, kiasi cha sentimita 45. Kaa ukingoni, nyayo chini, upana wa mabega. Simama kwa sekunde 2, kaa kwa sekunde 4, ukiigusa baraza bila kujibwaga. Mara 10, seti 3, siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati.

Ukizimudu wiki mbili na kipimo cha asubuhi kimetulia, nenda kwa mguu mmoja. Hapa weka simu mbele yako, kimo cha goti, ujirekodi. Angalia mstari kutoka katikati ya pia kwenda chini: uangukie kidole cha pili cha mguu. Goti likiingia ndani kuelekea kidole gumba, au nyonga ya upande wa pili ikidondoka, usiongeze idadi. Weka mto mgumu juu ya baraza uinue kimo, ufanye mara chache zilizo safi. Mara 6 zilizonyooka zina faida kuliko 20 za goti kuyumba, kwa sababu ubongo unashika kile unachorudia.

Fuatisha na haya, siku hizo hizo:

Kushuka ngazi. Simama juu ya ngazi ya sentimita 15 hadi 20 kwa mguu mbovu, mguu wa pili ukining'inia mbele. Shuka sekunde 3 mpaka kisigino cha mguu wa pili kiguse chini kama kinachogusa yai, panda tena. Mara 8 hadi 12, seti 3.

Mwendo wa kaa. Kata tyubu ya baiskeli penye vali, itupe vali, chukua kipande cha sentimita 70 hivi, kifunge kiwe duara, ukivishe juu ya magoti. Teremsha mwili chini kidogo, magoti yamekunjwa, tembea ubavu hatua 10 kwenda na 10 kurudi, mara 3. Utaungua pembeni mwa tako. Ukiungua mapaja ya mbele tu, umesimama wima mno.

Daraja. Lala chali, magoti yamekunjwa, inua kiuno mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti, kaza matako sekunde 3. Mara 12, seti 3, baadaye kwa mguu mmoja.

Ngoja wiki 6 kabla ya kuhukumu, na 12 kabla ya kukata tamaa.

Maumivu mengine ni ya kano iliyo chini ya pia. Mgonjwa mwenyewe anakuonyesha kwa kidole kimoja: "hapa". Huwapata wachezaji wa wavu, wa kikapu, na walinzi wanaoruka kupiga vichwa. Hufunguka ukipasha mwili, mchezaji akadhani amepona, kesho yake hawezi kushuka kitandani. Kano kama hii inataka mkazo usio na mwendo kwanza. Chukua kamba imara, ifunge kwenye nguzo ya saruji (si mpapai), iwe duara la kuweza kuingia miguu yote miwili. Kanga iliyokunjwa mara nne ipite baina ya kamba na nyuma ya magoti, la sivyo kamba itakukata. Rudi nyuma mpaka kamba ikaze, kaa kama unayekalia kiti, miundi ikiwa wima, magoti nyuzi 70 hadi 90. Tulia sekunde 45. Pumzika dakika 2. Mara 5. Wengi husikia nafuu papo hapo, na inaweza kufanywa kila siku, hata siku ya mechi.

Nafuu hiyo haijajenga kano bado. Baada ya wiki mbili ingiza uzito: begi la mgongoni lenye madumu ya maji (lita moja ni kilo moja), uanze na kilo 10. Kaa na kusimama barazani, sekunde 3 kushuka, 3 kupanda, mara 8, seti 4, siku moja ndiyo moja sivyo. Ukimaliza seti ya mwisho bila kuhangaika, kesho kutwa ongeza lita 2. Kano ya kisigino nayo hufuata njia hiyo: simama ukingo wa ngazi, panda kwa miguu miwili, shuka polepole kwa mbovu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, na nyengine 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Ikiwa maumivu yako pale kano inapoingia kwenye mfupa wa kisigino, ishia usawa wa ngazi, usishuke chini yake.

Mtoto wa miaka 10 hadi 15 mwenye kibonge kinachouma chini ya goti hana haja ya haya yote. Mfupa wake unakua na kano inauvuta. Apunguziwe kuruka na kukimbia mpaka maumivu yabaki chini ya 3, akaze paja bila mwendo sekunde 30 mara 5, na aendelee kucheza kwa kiasi.

Kutua: somo la netiboli

Sheria ya netiboli inamlazimisha mchezaji afunge breki. Amedaka mpira hewani kwa kasi, na mguu aliotulia ukinyanyuka hauruhusiwi kugusa chini tena kabla mpira haujatoka mkononi. Nguvu yote ya mwendo inaishia gotini na kwenye kifundo. Ligamenti ya ndani ya goti hukatika hivyo hivyo, bila ya mtu kukuchezea rafu: mguu umenyooka, unyayo umeganda chini, goti linaingia ndani. Katika michezo ya namna hii wanawake huumia ligamenti hiyo mara mbili ya wanaume au zaidi, basi somo la kutua si la hiari kwa timu za wasichana.

Anzeni juu ya ngazi ya sentimita 20. Dondoka, usiruke. Vidole viguse kwanza, visigino vifuate, magoti yakunjike, matako yarudi nyuma, kifua juu ya mapaja. Ganda sekunde 3. Mara 8, seti 2. Kocha asimame amewapa mgongo: akisikia kishindo, mtuo huo haukuhesabiwa. Wiki ya pili, ruka mbele kisha ganda. Ya tatu, daka mpira hewani. Ya nne, mwenzako akusukume bega kidogo ukiwa hewani. Mguu mmoja ni wiki ya tano, si kabla.

Mchanga, maji na njumu

Kukimbia kwenye mchanga laini kunakula nishati kiasi cha mara 1.6 ya ardhi ngumu. Kishindo kwa magoti kinapungua, lakini kisigino kinazama, kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu inalipa. Anayetoka barabarani asianze na zaidi ya dakika 10, mara mbili kwa wiki.

Tatizo kubwa zaidi ni mteremko. Pwani ikiwa inateremka kuelekea majini, mguu wa upande wa bahari unashuka chini kila hatua, nyonga inainama, na baada ya wiki chache goti linauma ubavu wa nje. Siku za bamvua maji yetu hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, kwa hiyo wanaokimbia jioni Jambiani au Nungwi wanabakiwa na ukanda wa juu, laini na wenye mteremko. Siku hizo kimbia asubuhi maji yanapokupwa, au hamia barabarani. Siku za maji mafu ni kinyume: hayapwi sana, lakini jioni yapo chini, na mchanga mgumu ulio tambarare unapatikana. Kwa vyovyote, nusu ya mwendo uwe kwenda, nusu kurudi juu ya ukanda ule ule.

Njumu ndefu za vyuma ni za nyasi na udongo laini. Kwenye uwanja mkavu kama Maisara mwezi wa pili, haziingii ardhini; mchezaji anasimama juu ya ncha. Kwenye nyasi bandia zinang'ang'ania, mwili unageuka, unyayo haugeuki. Vaa njumu fupi nyingi za mpira. Na timu inayofanya mazoezi peku mchangani wiki nzima isivishwe njumu siku ya mechi tu. Mazoezi mawili ya wiki yawe na viatu vile vile.

Kupasha mwili

Programu ya FIFA 11+ ina mazoezi 15 na inachukua dakika 20: kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na mizani na kuruka dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Inapunguza majeraha ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Timu nyingi zinafika uwanjani saa kumi na nusu, magharibi inakaribia, dakika 20 haziko. Basi ile sehemu ya nguvu ihamishiwe mwisho wa mazoezi au nyumbani, mbio zibaki mwanzo. Kusimama duara mkivuta misuli dakika tano hakuchukui nafasi ya hayo.

Bega

Wachezaji wa mikono, wavu na wafungaji wa netiboli: taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, kiwiko nyuzi 90, tyubu imefungwa dirishani, vuta mkono kwenda nje polepole. Mara 15, seti 3. Taulo likidondoka, umeanza kutumia mgongo. Ongeza kuvuta tyubu kwa mikono miwili kuelekea kifuani, mabega yakirudi nyuma, idadi hiyo hiyo. Bega lililochomoka lirudishwe hospitali, si uwanjani.

Kuchua, karafuu na vidonge

Kuchua misuli inayozunguka kiungo, baada ya siku tatu za mwanzo, kunalegeza na kutuliza kwa saa kadhaa. Zitumie saa hizo kufanya mazoezi. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, inayotia ganzi. Matone 2 ndani ya kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi yanatosha. Yakipakwa matupu huunguza ngozi, na yasipakwe penye kidonda. Usiyapake kabla ya mechi ili usisikie maumivu.

Kwa sababu hiyo hiyo usimeze diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kucheza. Juu ya kuficha maumivu, hukwangua tumbo, na mwili ukiwa umekaukiwa maji huumiza figo. Parasitamoli kwa mtu mzima haizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Sindano ya steroidi ndani ya kano ikatae; inaweza kuilegeza mpaka ikakatika.

Ramadhani na baada yake

Usiache mazoezi mwezi mzima. Fanya nusu ya seti zako baada ya tarawehe, maji ukiyagawa kutoka futari mpaka daku. Mwenye maumivu ya pia ya goti akunje mswala mara mbili chini ya magoti. Goti lililovimba lisilazimishwe kukalia kisigino. Mgonjwa ana ruhusa ya kusali juu ya kiti, naye ni mgonjwa.

Baada ya sikukuu ligi za mitaani huanza kwa pupa, kama vile mwezi wa Januari wanavyoibuka waliokaa mwaka mzima kukimbilia bonanza la siku ya kwanza. Wiki ya kwanza fanya nusu ya ulichozoea, ya pili theluthi mbili, ya tatu robo tatu, ya nne chote.

Kurudi uwanjani

Tarehe ya mechi haiponyeshi goti. Pima haya, mguu mbovu dhidi ya mzima:

Uzi wa asubuhi haujaonyesha uvimbe wiki mbili. Kuinuka barazani kwa mguu mmoja, mara 20 zilizonyooka. Kupanda juu ya vidole kwa mguu mmoja, mara 25. Kisha mruko: nenda pwani kwenye mchanga mgumu uliolowa, chora mstari, ruka kwa mguu mmoja, tua kwa mguu huo huo uugandishe sekunde 2. Alama ya kisigino inabaki mchangani. Pima kwa futi kamba kutoka mstarini. Mara tatu kila mguu, chukua iliyo ndefu. Mbovu ufike asilimia 90 ya mzima: mzima ukiruka sentimita 160, mbovu usipungue 144.

Aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti ya ndani ya goti anahitaji hayo yote na miezi 9 kamili juu yake. Wengine, ukifaulu, anza na mazoezi ya wiki moja bila kukabana, wiki ya pili kukabana, kisha dakika 30 za mechi, kipimo cha asubuhi kikiendelea. Ukipungukiwa kwenye mruko, rudi barazani wiki mbili, uongeze lita mbili begini, halafu uende tena pwani na futi yako.